Barafu ya Siku Mbili na Nusu

Nsemulwa, Mpanda
2 Septemba 1996

Kabula mwenzangu,

Watu huku wazima, wagonjwa ni ng'ombe. Naanza na hilo kwa sababu najua ukiuona mwandiko wangu utadhani nataka kukusimulia nani kaolewa na nani kaachwa. Hayo yapo, yatasubiri.

Homa ya mapafu imeingia upande wenu. Tangu Julai wamekufa kumi na saba, na watatu ni wa mzee Maduhu, baba yako. Najua hajakuandikia. Yule mzee hata nyumba ikiwaka moto atasema kuna joto kidogo. Lakini wewe na mimi tunajua, zizi lile likiisha nyumba yenu imeisha. Wadogo zako hawatasoma, na mama yako ataanza upya na jembe.

Chanjo ipo, taabu ni kuifikisha. Bwana mifugo wetu ni Felisiani, Mfipa mmoja mpole anayepiga ishara ya msalaba kabla ya kupiga sindano. Ana vituo tisa vya kuchanjia, Landrova moja, na dereva mmoja, naye ni shemeji yako Manyanda. Barafu wanachukua kwetu dukani, kwenye lile friji la mafuta ya taa la baba. Barafu hiyo inadumu siku mbili na nusu. Ikizidi hapo ni maji ya kunawia.

Mwezi wa saba walizunguka siku nne. Felisiani alipofungua kasha la baridi kituo cha mwisho akakuta chupa zinaelea kwenye maji ya uvuguvugu. Hajui ziliharibika kituo gani, kwa hiyo vituo vyote tisa vinahesabika havikuchanjwa. Alizimwaga nyuma ya duka letu, chupa kwa chupa, na machozi yakimtoka mbele ya wateja.

Chanjo nyingine inakuja mwishoni mwa Oktoba, na mwaka huu haitakuja tena. Katikati ya Novemba mvua itafunga njia. Wewe uko mwaka wa tatu wa hesabu huko Mlimani, na uliwahi kuniambia kuna hesabu za kupangia safari za magari. Haya, gari ndilo hili.

Mwenzio,
Zakia Sadalla


Chuo Kikuu, Mlimani
Dar es Salaam
13 Septemba 1996

Zakia ndugu yangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikaisoma tena nimekaa. Kweli baba hajaniandikia. Mwezi wa tatu mdogo wangu alinitupia mstari mmoja kwamba wamehamia ng'ambo ya mto kufuata malisho, basi. Likizo mbili nimeshikwa na mafunzo huku, hata hapo walipohamia sipajui. Naona aibu kukuandikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa sikiliza. Vituo tisa vinaweza kupangwa kwa namna 362,880. Ukiandika namna moja kila dakika, bila kula wala kulala, utamaliza baada ya miezi minane na zaidi. Hatutaandika zote. Kuna njia za kukaribia iliyo bora, na moja unaweza kuifanya hapo dukani. Chukua ubao, piga misumari tisa mahali vilipo vituo, na mmoja wa Mpanda mjini. Pitisha uzi kwenye misumari kama gari linavyopita. Pale uzi unapojikata wenyewe, hapo shuku kwamba umepoteza muda. Ufungue, uunganishe upya usijikate, halafu upime. Rudia hivyo hadi usione pa kufungua. Nina hakika Manyanda yeye huenda kituo kilicho karibu, kisha kilicho karibu na hicho. Mwanzo unafurahi, mwisho unajikuta umeacha vya mbali pande mbili tofauti.

Nitumie saa, siyo kilomita. Kilomita kumi za mchanga siyo kilomita kumi za changarawe. Nataka saa kati ya kila kituo na kila kituo. Pia upana, urefu na kina cha kila kitu kinachopakiwa, na cha gari lenyewe ndani. Na idadi ya ng'ombe kila kituo, kwa kuwa chupa moja ni ya ng'ombe hamsini, na ikishachanganywa haingoji kesho.

Usimwambie baba kwamba ni mimi.

Kabula


Nsemulwa, Mpanda
24 Septemba 1996

Kabula,

Unaomba kama mwenye mimba! Lakini vyote nimevipata.

Saa nimeuliza watu: wenye baiskeli, wachuuzi wa mpunga, na madereva wa matrekta. Kila safari nimeuliza watu watatu na kuchukua jibu la kati, kwa sababu wa kwanza hujisifu na wa mwisho hulalamika. Jedwali liko nyuma ya karatasi hii. Mraba mmoja tu nimeutia alama ya mkato, kati ya Itimbya na Mwabagole. Manyanda anasema daraja lilisombwa na maji, hapapitiki.

Vipimo nimechukua kwa futi yangu ya kushonea. Felisiani alicheka kuniona nimelala ndani ya Landrova nikipima sakafu, baba hakucheka. Makasha ya baridi yako matatu, ila siku zote wanabeba mawili. La tatu haliingii kwa sababu ya pipa la dizeli.

Ng'ombe sasa. Nyie Wasukuma mtu akiwauliza mna ng'ombe wangapi mnamtazama kama amewauliza siku yenu ya kufa. Kwenye daftari la Felisiani kuna mzee ana ng'ombe kumi na mmoja. Kumi na mmoja! Na kila mwezi ananunua kwetu gunia moja na nusu la chumvi ya mifugo. Analamba mwenyewe? Nikamtafuta Yohani mwinjilisti, ambaye dini yake haimruhusu kusema uongo, nikamuuliza ana wangapi. Arobaini. Na chumvi? Gunia moja kwa mwezi. Basi nimekaa na kichwa changu, nikamkumbuka kila mteja na magunia yake, nikazidisha. Ng'ombe wa daftari ni elfu tatu na mia mbili. Ng'ombe wa chumvi wanakaribia elfu tisa.

Felisiani alipoona hiyo namba alivua kofia. Ameomba chupa zaidi kwa namba yangu, siyo ya daftari. Kabula, nikikosea, mimi ndiye nimekosea. Usingizi umepungua.

Zakia


Mlimani
5 Oktoba 1996

Zakia,

Hesabu yako ya chumvi nimemwonyesha mwalimu wangu. Ameniuliza huyo ni msomi wa chuo gani. Nikamwambia ni wa kaunta ya duka la Sadalla, aliishia kidato cha nne kwa sababu baba yake alimhitaji dukani. Akasema, "Pole yetu."

Nianze na upakiaji, maana huo umekubali. Kwa ng'ombe elfu tisa makasha mawili hayatoshi. Ukijaza chupa, barafu inakosa nafasi, na ukijaza barafu, chupa zinabaki dukani. Kasha la tatu lazima liingie. Adui ni pipa. Pipa ni la duara, na kitu cha duara ndani ya sanduku la gari kinaacha pembe tupu ambazo hazifai kwa lolote. Dizeli iwekwe kwenye madumu ya lita ishirini yasimame chini ya viti, kumi yanaenea. Tairi la akiba lifungwe juu ya boneti. Kasha la tatu linaingia na nafasi ya vidole vitatu inabaki. Halafu kila kasha likiisha chupa, barafu yake ihamie kwenye yaliyobaki, kwa hiyo anzeni na vituo vyenye ng'ombe wengi.

Safari ndiyo imenikatalia. Nimefungua nyuzi hadi vidole vinauma, kisha nikaomba saa moja kwenye kompyuta ya idara nikakagua. Jibu lililo bora kuliko yote ni siku tatu na saa nne. Barafu inakufa mnaelekea kituo cha saba. Nimelia, sikufichi.

Lakini jana, kwa hasira tu, nilifuta ile alama ya mkato nikaandika saa moja na nusu kati ya Itimbya na Mwabagole. Safari nzima ikaanguka hadi siku mbili na saa tatu. Mraba mmoja, Zakia! Watu wa Itimbya wanapelekaje mpunga wao Mwabagole? Nenda kalione hilo daraja kwa macho yako. Kama ni magogo ya kutandika, tuwaombe watu watandike.

Kabula


Nsemulwa, Mpanda
14 Oktoba 1996

Kabula,

Kaa chini.

Nilimdandia Skolastika, yule mama wa Itimbya anayeuza mpunga hapa kwetu, nikaenda naye na baiskeli. Nikamwambia anionyeshe daraja lililosombwa. Alicheka hadi baiskeli ikamwangukia. "Daraja gani, mwanangu? Hapa halijawahi kuwepo daraja tangu Mungu aumbe. Mto ukikauka ni mchanga tu, matrekta yanapita kila siku." Nami nimeupita kwa miguu yangu. Mgumu kama sakafu.

Nilirudi nimewaka. Nikamkuta Manyanda anafunga spana zake, nikamsomea hayo yote mbele ya Felisiani. Aliangalia viatu vyake, akasema polepole, "Dada Zakia, ile njia inapita katikati ya mji wa mkwe wangu. Nyumba huku, zizi kule, gari linapita uani. Mama mkwe anashinda hapo anapepeta mpunga, na kwetu mkwe hakutani naye uso kwa uso. Nikitokea na gari nitashuka nikimbilie wapi?"

Kabula, ng'ambo ya mto, mahali walipohamia mwezi wa tatu, ni hapo. Mama mkwe ni mama yako.

Felisiani akamuuliza kwa nini hakusema ukweli. Akasema, "Ningesema nini ofisini? Kwamba mtu mzima na leseni yangu namkwepa mama wa mke wangu? Wewe Mfipa na huyu binti wa dukani mngenicheka. Daraja halichekwi." Tangu mwezi wa tatu anazungukia Kakese, siku nzima na zaidi inapotea. Halafu akasema: "Ile chanjo ya Julai niliiua mimi. Najua. Silali." Nilikuwa nimeandaa matusi ya kutosha, nikayameza.

Dereva mwingine hakuna anayejua gari lile. Mila za kwenu siziwezi. Mama ni wako.

Zakia


Mlimani
21 Oktoba 1996

Kwa mama yangu Nyanzala, kwa mkono wa mama Skolastika atakayekusomea

Shikamoo mama. Shikamoo baba, kama upo karibu unasikiliza.

Mama, nisamehe kukuandikia jambo ambalo mtoto hapaswi kulisema. Mwezi ujao gari la chanjo litazunguka vituo vyote, na barafu yake ina siku mbili na nusu tu. Likipita njia inayokatiza uani kwetu, ng'ombe wote watachanjwa, wetu na wa watu wengine. Lisipopita, chanjo itaharibika kama ya Julai. Dereva anakuheshimu, ndiyo maana hapiti. Nakuomba asubuhi hiyo moja uende kwa mama mdogo kule Misunkumilo, ukae huko hadi gari lipite. Siku moja tu, mama.

Hizi hesabu ninazosoma hukuwahi kuniuliza ni za nini. Ni za hili.

Mwanao,
Kabula


Itimbya
29 Oktoba 1996

Kabula mwanangu,

Marahaba. Baba yako alikuwepo, amesikia yote, ameitika marahaba naye. Anayeandika ni Skolastika, maneno ni yangu. Nimemwambia asiyapake sukari.

Kwenda Misunkumilo siendi. Nina kuku wanaatamia na mpunga uko juani. Na mimi nikiondoka asubuhi hiyo, mwaka ujao chanjo ikirudi nitaondoka tena? Nitakuwa mgeni kwangu kila gari likinguruma?

Mkwe wangu haendi kinyume na mila, na mimi siendi kinyume. Mila haikusema barabara ipite uani kwangu. Barabara ni sisi tuliifuata vibaya tulipojenga kwa haraka. Kwa hiyo Jumatatu niliwaita wanawake wenzangu wa hapa, ishirini na wawili, kila mmoja na jembe lake, nikapika wali na maharage. Tumekata njia mpya nyuma ya zizi, hatua mia tatu, upana wa trekta na kidogo. Visiki tumeng'oa. Baba yako alituangalia siku ya kwanza. Siku ya pili alileta ng'ombe wa kukokota magogo. Upande wa nyumba nimesimamisha ua wa mabua. Mimi simwoni, yeye hanioni, gari linapita. Njia imehama, mimi sihami.

Mwambie huyo mkwe kwamba heshima yake nimeiona, nimefurahi. Lakini heshima iliyofichwa ndani ya uongo imeua ng'ombe za watu. Siku nyingine amtume mke wake aje aniambie, ana miguu.

Umesema sikukuuliza unasoma nini. Niliogopa utanijibu nisielewe. Sasa nimeelewa.

Mama yako,
Nyanzala


Nsemulwa, Mpanda
11 Novemba 1996

Kabula! Kabula! Kabula!

Tumemaliza. Vituo tisa. Barafu imebaki!

Ngoja nivute pumzi nikueleze vizuri. Kwa siku kumi baba alifunga friji kwa kufuli, wateja wakanywa soda ya moto na kumwita majina. Mimi nimeenda nao, na hilo lilikuwa vita. Baba alisema binti hasafiri na wanaume wawili siku tatu. Nikamwambia barafu ni yake, na tangu lini barafu ikatoka dukani bila msimamizi? Akanipa shangazi yangu Mwanaiddi awe mlinzi wangu. Shangazi alisinzia vituo vyote tisa.

Tuliondoka Jumatano saa kumi na moja alfajiri. Madumu chini ya viti, tairi kwenye boneti, makasha matatu, na vidole vitatu vimebaki kama ulivyosema. Niliviingiza vidole vyangu mwenyewe kuhakikisha. Kwa hiyo barafu ilikuwa na uhai hadi Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Alhamisi asubuhi tukafika kwenu. Ng'ombe walikuwa tayari wamefungiwa, vumbi hadi mbinguni. Chumvi ilisema mia nne na themanini, tukatenga chupa kumi. Baba yako alileta wote, Kabula, hata wale aliowaficha kwa jamaa. Felisiani anachoma, mimi nahesabu moyoni. Chupa zote kumi za hamsini hamsini zilifunguliwa, zikabaki sindano saba tu. Nilikaa juu ya dumu nikalia. Baba yako akaja, akasimama mbele yangu, akasema, "Binti, wewe umejuaje?" Nikamwambia siyo mimi peke yangu, kuna mwenzangu Dar es Salaam. Samahani, siri yako ilinitoka. Akasema, "Najua. Nilikuwepo barua ikisomwa." Akaondoka kwa haraka kufungua zizi ambalo tayari lilikuwa wazi.

Kisha njia mpya. Manyanda alishika usukani mikono miwili, shingo imekakamaa, macho mbele. Tulipofika katikati ya ule ua wa mabua, nyuma yake mtu tusiyemwona akapiga kigelegele. Kimoja, kirefu, cha mwanamke mwenye mapafu yake yote. Wanawake wengine ishirini wakakipokea. Manyanda hakugeuka, lakini machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola, na gari likapita.

Sasa sikiliza lililofuata, maana hili hulijui. Kabla ya kufika Mwabagole lori la mpunga lilikuwa limezama kwenye mchanga limeziba njia yote. Walioko hapo wakasema hadi jioni. Manyanda akataka kwenda kituo kilicho karibu, kama zamani. Nikamwambia zima gari. Nilikuwa na ubao wangu na uzi. Nikaupiga uzi upya pale pale juu ya boneti, karibu na tairi, watu wa lori wakinizunguka wanauliza huyu dada anafuma nini. Uzi wa kwanza ukajikata. Wa pili ukajikata. Wa tatu ukalala. Tulitakiwa turuke vituo viwili, tuanze na cha mwisho, turudi Mwabagole Ijumaa asubuhi na kumalizia Misunkumilo. Felisiani alinitazama, akapiga ishara ya msalaba, akasema, "Twende na uzi."

Ijumaa saa sita mchana chupa ya mwisho ilifunguliwa Misunkumilo. Felisiani akatia mkono ndani ya kasha akatoa bonge la barafu kubwa kama kichwa cha mbuzi, akalinyanyua juu kwa mikono miwili. Wafugaji walipiga makofi kama ni fainali.

Mvua ilitukuta tunaingia mjini. Ikanyesha! Nikatoa kichwa dirishani, shangazi akaamka akaniuliza tumefika kituo cha ngapi.

Zakia


SIMU YA MAANDISHI
DAR ES SALAAM, 19 NOVEMBA 1996
ZAKIA SADALLA MPANDA
NIMEPATA BARUA MAKTABA. NIMEPIGA VIGELEGELE. NIMETOLEWA NJE. MWALIMU ANATAKA ULE UZI WA TATU.
KABULA


Nsemulwa, Mpanda
5 Januari 1997

Kabula mwenzangu,

Mwambie mwalimu uzi wa tatu nimemchorea, uko ndani ya bahasha. Asiukunje.

Felisiani amemaliza kupita vituo vyote, zizi kwa zizi, baadhi kwa miguu kwa sababu ya matope. Kwenye vituo tisa, tangu mwanzoni mwa Desemba, hakuna ng'ombe mpya aliyeugua. Hakuna hata mmoja. Juzi karantini imeondolewa na ng'ombe wameruhusiwa kuvuka mto. Mama yako ametuletea dukani kuku wawili na debe la mchele, akakataa kukaa, akasema ana kazi. Alikuwa anatabasamu mpaka fizi.

Sasa wafugaji wa upande wa kaskazini wamekuja. Kwao vituo ni kumi na vinne, njia ni za mawe na mbaya kuliko zetu, ila mvua haizifungi, homa imeshafika, na chanjo ya mwaka mpya imekuja. Felisiani hakuja na daftari safari hii. Alikuja moja kwa moja kaunta, akaniwekea karatasi tupu, akasema, "Mtaalamu, tupangie." Baba alikuwa anapima sukari. Sukari ikamwagika.

Nilitaka kukuandikia. Nilianza kabisa, "Kabula, nisaidie". Halafu nikafikiri, barua wiki moja kwenda, wiki moja kurudi, na ng'ombe wanakufa leo. Nikapiga misumari kumi na minne. Nimekaa nayo siku tano. Nimewahoji madereva wote, na kila aliyeniambia njia haipitiki nimemuuliza mama mkwe wake anakaa wapi. Wawili wamecheka, mmoja amekohoa, na njia yake nimeipata.

Wana barafu ya siku mbili na nusu, mimi nimewapa safari ya siku mbili na saa saba. Manyanda kaondoka leo alfajiri. Jumanne watakuwa wamerudi na makasha matupu. Sikuulizi kama nimepatia, Kabula. Nakuarifu.

Zakia Sadalla